Vipande Vyekundu vya Bi Esha

Haya alinisimulia Bi Esha Mpili mwenyewe, msimu wa korosho uliopita, tumelala handakini, chini ya ardhi, tukingoja jua lipungue ukali. Aliyoyaona kwa macho yake aliyasema kama alivyoyaona. Yaliyokuwa moyoni mwa Somoe aliyasema kama Somoe alivyomwambia baadaye, siku walizokaa wakisuka. Mimi nayaweka hapa kama nilivyoyapokea. Nikikosea, yeye yupo, mkamuulize.

Basi, Somoe binti Likwata alikuwa na kazi mbili mikononi: ukindu na ubao. Ukindu alifundishwa na Bi Esha, aliyemlea tangu mama yake afariki. Ubao alifundishwa chuoni, akarudi nao kijijini kwetu Nambalapi.

Ubao wenyewe ulikuwa ukuta mzima wa baraza, mweusi, unaowaka. Kila mwenye kwenda kuokota korosho alibandikwa kishikizo nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya dengu, na kila alipovuta pumzi kishikizo kilipeleka joto la mwili wake ubaoni. Kule kila mtu alikuwa na mstari wake, unaotambaa tangu alfajiri kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiwa mzima, mstari wako kijani. Ukianza kuchoka, njano. Ukigeuka mwekundu, kengele inalia, na safu yako yote inaweka vikapu chini na kuingia kivulini pamoja nawe. Ndiyo sheria. Ndiyo iliyotuacha hai katika miaka hii ambayo jua la saa nne linamuua mbuzi akiwa amesimama.

Lakini ubao ulikuwa mzito. Watu wameongezeka, mistari imeongezeka, na rangi zikawa zinafika zimechoka kama barua ya zamani. Mfaume Nangumba, mkuu wa zamu, alisimama mbele yake asubuhi moja mikono kiunoni.

"Somoe, mwanangu, hebu njoo. Huyu Chande si huyu hapa anakunywa uji? Mbona ubaoni yuko shambani, tena mwekundu?"

"Hiyo rangi yake ya kitambo, mjomba. Ubao umechelewa."

"Umechelewa! Kwa hiyo nimpeleke kivulini kwa joto alilokwisha kulitema?"

Chande akacheka mpaka uji ukampalia.

Somoe akaingia ndani ya programu kutazama. Aliyeiandika kabla yake aliuchora kila mstari kipande kwa kipande. Mstari wa rangi nyingi hauwezi kuchorwa kwa mvuto mmoja kama wa rangi moja. Ni vipande vidogo vidogo vilivyoshikana, kila kimoja na rangi yake. Sasa huyu bwana, kwa kila kipande, aliiita maktaba ya michoro upya. Maktaba hiyo si ya vitabu, ni hazina ya kazi zilizokwisha kuandikwa, wewe unaagiza tu. Njoo, chukua rangi, chora, nenda. Njoo tena. Ni sawa na mtu anayeshona mkeka, akipitisha sindano mara moja anapiga fundo, anakata uzi, anatunga uzi mwingine, ndipo anapitisha mara ya pili. Mkeka huo utalaliwa na vitukuu.

Somoe akavifunga vipande vyote pamoja, mzigo mmoja, akaukabidhi mara moja. Wala hakutaja rangi. Alitaja joto la kila kipande kwa namba, akaweka na kipimo kimoja cha kusema namba hii ni kijani, hii njano, hii nyekundu. Maktaba ikavipaka vyote kwa pamoja. Ubao ukakimbia.

Ulikimbia, ila jua lilipokolea na rangi kuanza kubadilika haraka, ulikuwa bado unakwamakwama. Hapo Somoe akafanya jambo la pili.

Ubao huchora kwa nukta ndogo za mwanga, nazo zina mwisho. Siku ni ndefu, ukuta ni mfupi, na ndani ya nukta moja huangukia pumzi nyingi. Kuzichora zote mahali pamoja ni kupaka chokaa juu ya chokaa. Achague moja. Ipi? Mkono wa ukindu ukajibu kabla ya kichwa. Wasukaji wanajua: ukindu uliotiwa rangi ukija mfupi, hauachwi uchomoze ukaharibu ukili, ule mkanda wa mkeka, unafichwa chini ya jirani yake mrefu. "Kifupi kilale chini ya kirefu," ndivyo Bi Esha alivyomwambia tangu vidole vyake havijapata nguvu. Akaandika hivyo hivyo. Katika kila nukta, rangi iliyokaa muda mrefu zaidi ishike nukta nzima, ile fupi ilale chini.

Ubao ukawa laini kama ukili wa mkeka wa bibi harusi. Mfaume aliita watu waje waone. Vijiji vya jirani vikaja kuomba programu, vikapewa. Bi Esha alikuwa akipita barazani anawaonyesha wageni vidole vya Somoe, si ubao. "Vidole hivi nimevinyoosha mimi," anasema.

*

Bi Esha alikuwa na namna yake ya kulimudu jua. Joto likimpanda, analowesha pindo la kanga, analibana kisogoni, joto linashuka. Likipanda tena, analowesha tena. Hakusubiri kuwa mwekundu kwa muda mrefu. Ni akili ya mtu mzima tu.

Siku hiyo aliweka kikapu chini. "Mfaume, leo joto limenipanda vibaya. Macho yananionyesha nyota."

Mfaume akatazama kibao cha mkononi, mtoto wa ule ubao mkubwa. Mstari wa Bi Esha ulikuwa kijani kama jani la mgomba.

"Bi Esha, uko kijani kunishinda mimi! Usitutafutie kivuli, mama. Safu haijafika hata nusu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Bi Esha naye akacheka, akakiinua kikapu. Alipita miti michache tu, akaanguka mdomo wazi juu ya mabibo yaliyooza.

Chande na mwenzake walimbeba juani hadi handakini, migongo ikawababuka. Yeye mwenyewe alipona, ila mguu wa kushoto haujapatana naye tangu siku hiyo.

Basi maneno yakaanza. Ubao ulisema kijani, mwili ulisema nyekundu. Ubao haudanganyi, kwa hiyo aliyedanganya ni mwili. Wapo watu hufanya hivyo, hupachika tope chini ya kishikizo ili wasiisimamishe safu wakaonekana dhaifu. Na kwa Nambalapi hakuna kosa la aibu kama hilo, kwa sababu anayeficha joto lake huwaangusha na watakaombeba.

Sisi hatupigi mtu kwa hilo, hatumtukani. Kabla ya usingizi wa adhuhuri kila safu hula sinia moja. Aliyeficha joto hupewa sahani yake peke yake. Chakula kile kile, pengine samaki mkubwa zaidi. Sahani tu, na hukaa nayo hadi safu itakapomrudisha.

Bi Tausi, mpishi, alimpakulia bila kumtazama usoni.

"Sikuficha," Bi Esha akasema.

"Nani kasema umeficha, dada? Wewe kula, kisije kikapoa."

Mfaume, kutoka kwenye sinia, akasema kama anayesema na wali: "Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Bi Esha akageuza mgongo, akala.

*

Somoe alikula siku hiyo kwenye sinia akiutazama mgongo ule. Alikuwa na hasira naye, tusifiche. Kwa nini afanye vile, mtu mzima kama yeye? Ndipo jioni, baada ya watu kuamka, akaenda kufungua namba zenyewe, zile mbichi ambazo hazijapita kwenye mchoro. Alitaka aone tope lilibandikwa saa ngapi, roho yake itulie. Tope hujulikana, namba hulala bapa kama maji ya bwawa.

Hakukuwa na bapa. Kulikuwa na vichwa vilivyochongoka, vifupi, vingi, vimepangana kama miiba ya mchongoma. Vyote vyekundu. Vilianza kabla Bi Esha hajaweka kikapu chini, vikasongamana mpaka pale alipoanguka. Kila kimoja kilikuwa kifupi kuliko kijani kilichokuwa nacho ndani ya nukta moja, na kila kimoja kilikuwa kimelazwa chini ya kirefu.

Nani kavilaza? Yeye.

Shingo ilimwaka moto. Alinyanyuka akafunga mlango wa baraza, ingawa hakukuwa na mtu.

Kurekebisha kulikuwa rahisi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mstari mmoja tu wa programu. Badala ya kusema iliyokaa muda mrefu ishike nukta, akasema iliyo kali zaidi ishike nukta. Ubao haukupungua mbio hata chembe. Yai lisingeiva kwa muda aliotumia. Akatuma na kwa vijiji vya jirani, juu yake akaandika: *marekebisho madogo*.

Marekebisho madogo! Akayasoma maneno yale mara ya pili baada ya kuyatuma, akatamani ayavute yarudi.

Akajipoza. Sasa hataanguka mwingine, si ndiyo kubwa? Yaliyopita yamepita. Bi Esha atarudishwa kwenye sinia, safu hazina kinyongo. Na yeye atasema. Kesho. Kesho ikifika anamwona Mfaume amezungukwa na wageni, anasema, leo si siku nzuri. Inayofuata anaumwa kichwa. Aibu ni kama deni la chumvi, mwenzangu. Mtu hukosa usingizi kwa kitu ambacho angekilipa kwa kuvuka kizingiti tu.

*

Bi Esha alirudi shambani akichechemea, akapewa kazi ya kuchambua korosho chini ya miti. Jua lilipokolea, kengele ikalia. Ubaoni mstari wake ulikuwa umeota wekundu, nyuzi nyembamba zinaingia na kutoka. Safu yake ikaweka vikapu, ikaingia kivulini.

Mfaume akafurahi kama mganga aliyeponyesha.

"Mmeona? Tangu apewe sahani, ubao unamwona! Dawa imeingia."

"Tope limekwisha mtoni," Chande akasema, na kicheko kikapita.

Somoe alikuwa amesimama pale pale na kibao mkononi. Alikuwa amerekebisha ubao kwa siri ili asiumbuke, na ubao uliorekebishwa ndio sasa unamshuhudia Bi Esha uongo. Kila kipande chekundu kilichochomoza kilikuwa kinasema: leo sifichi, kwa hiyo siku ile nilificha.

Kengele ikalia siku iliyofuata. Na iliyofuata tena.

Siku ya Ijumaa, kabla ya watu kukaa kula, Bi Esha alimfuata Somoe nyuma ya jiko. Akageuza shingo, akainua ushungi.

"Mwanangu, hebu nitazame nyuma ya sikio."

"Kuna nini, Bi?"

"Nitazame tu. Pengine kweli siku ile palikuwa na uchafu mimi sikuujua. Utomvu wa mabibo hunata. Watu wote hao hawawezi kuwa waongo, na mimi mtu mzima, sijiamini tena."

Somoe akalishika lile sikio. Lilikuwa na joto. Aliwahi kulishika akiwa mtoto, akibebwa mgongoni.

"Hamna kitu."

"Tazama vizuri."

"Hamna kitu, Bi Esha."

"Haya." Akashusha ushungi. "Basi mimi leo nasema nilificha. Nawaomba radhi mbele ya sinia, yaishe. Nimechoka kula kama mgeni kwetu."

"Usiseme hivyo!"

"Kwani kusema kunachubua ulimi? Neno moja, narudi mahali pangu." Akamgusa shavu. "Mbona unatetemeka? Umekunywa maji wewe?"

Akaenda. Somoe alibaki ameshikilia ukuta wa jiko. Kama angenyamaza muda wa kula tu, neno lingekuwa limetoka kwa mdomo wa Bi Esha mwenyewe, na hakuna ambaye angelichunguza tena. Ingekwisha. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba ingekwisha kweli.

*

Sinia lilikuwa limewekwa handakini. Bi Esha akasimama na sahani yake mkononi, akakohoa.

"Jamaa zangu, mimi nina neno. Siku ile niliyoanguka..."

"Asiseme!"

Watu wakageuka. Somoe alikuwa mlangoni, kanga imemdondoka begani hata hakuiokota.

"Asiseme. Hakuficha. Mimi ndiye niliyemficha."

Mfaume akacheka kidogo. "Ulimbandika tope wewe?"

"Ubao, mjomba."

Akauwasha ubao mdogo uliokuwa ukutani, akauita mstari wa siku ile. Kwanza aliuchora kama ulivyochorwa: kijani, laini, unapendeza. Halafu akauchora chini yake kwa namna mpya. Mstari wa pili ulipokuwa ukitambaa, wekundu ulichomoza kama damu kwenye mchubuko, kidogo, kidogo, halafu mwingi. Akaeleza. Hakuruka hata yale *marekebisho madogo*.

Hakuna aliyepeleka mkono kwenye sinia.

"Ulijua lini?" Mfaume akauliza.

"Siku aliyopewa sahani. Jioni yake."

"Na ukarekebisha."

"Nikarekebisha."

"Na ukakaa hapa ukala nasi."

"Nikala nanyi."

Bi Esha alikuwa hamtazami Somoe. Alikuwa anautazama mstari, kichwa ameinamisha upande kama anayekagua ukili wa mwanafunzi. "Kifupi chini ya kirefu," akasema polepole. "Hiyo si yangu?"

"Si yako, Bi. Wewe ulisema ukindu."

Bi Tausi akainuka. Akachukua sahani kwenye kichanja, akapakua wali, akaweka na samaki, akamnyooshea Somoe bila kumtazama usoni. Somoe akaipokea kwa mikono miwili. Akaenda pembeni, pale pale pa Bi Esha, akageuza mgongo.

"Njoo, dada," Bi Tausi akamwambia Bi Esha. "Mahali pako hapa."

Watu wakasogeleana. Bi Esha akaketi, mguu wa kushoto ameunyoosha. Kila mmoja akawa anamsukumia kipande cha samaki, mpaka upande wake ukawa kilima. Hakugusa.

"Mfaume."

"Naam, Bi Esha."

"Ubao ulikosa kuniona. Wewe je? Nilikwambia kwa mdomo wangu, joto limenipanda. Ulinisikia?"

Mfaume alijifuta paji la uso. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Nilikusikia," akasema. Kisha akainuka. "Tausi, nipe na mimi sahani."

"Na mimi," akasema Chande. "Mimi nilicheka."

"Hata mie," akasema mwingine nyuma.

Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, macho chini, kila mtu ananyoosha mkono jikoni.

"Sahani zimekwisha!" Bi Tausi akafoka. "Mnataka niwapakulie kwenye vifuniko vya sufuria? Na mimi niliyempa ya kwanza nitakula kwenye nini, kwenye upawa?"

Bi Esha akatazama kulia, akatazama kushoto. Sinia zima, wali unatoa mvuke, na yeye peke yake.

"Sasa mmenitenga mara ya pili," akasema.

Walisimama kama kuku walionyeshewa.

"Mkijitenga wote, mimi nitakula na nani? Na samaki hawa? Rudini hapa. Aibu zenu mtazimeza pamoja na wali, zitashuka."

Wakarudi. Mikono ikaingia sinia, kwa woga mwanzoni. Bi Tausi akainua kidevu kuelekea pembeni. "Na yule?"

Bi Esha akatafuna, akameza. "Yule mwacheni. Mimi niliita, hakuna aliyeitika. Naye akae na sahani yake aijue. Siku nitakayotaka kumwita, nitamwita. Nyinyi msinitangulie."

Somoe alisikia. Alikula sahani yote, punje kwa punje, kwa kuwa kubakiza kungekuwa deko.

*

Jua halingojei watu wapatane. Likifika utosini, kila mtu lazima awe ameshuka, mikeka imetandikwa, taa zimezimwa, umebaki ule ubao mdogo ukutani unaomulika mistari ya waliolala. Kengele huzimwa saa hizo. Humo ndani hakuna jua la kumwua mtu.

Mfaume alikoroma wa kwanza. Chande akafuata. Bi Tausi alinung'unika habari za sahani mpaka maneno yakamkatikia.

Mkeka wa Somoe ulikuwa kando ya wa Bi Esha, kama siku zote; hakuwa na pengine pa kuutandika. Alilala kaelekea ukuta, kajikunja, hatikisiki. Bi Esha hakusikia kilio. Lakini mguu ulikuwa unamsumbua, usingizi hauji, na macho yake yakawa yameangukia ubaoni.

Mstari wa Somoe ulikuwa kijani. Ukaingia uzi mwekundu, mwembamba kama unywele. Ukatoka. Kijani. Ukaingia tena. Joto lilikuwa linampanda shingoni, linashuka, linapanda, kwa muda mfupi mfupi, chini ya kimya kirefu. Kwa ubao wa zamani asingeonekana na mtu.

Bi Esha akautazama mstari ule muda. Halafu akanyoosha mkono kwenye mtungi, akachovya pindo la kanga, akalikamua, akalibandika kisogoni kwa Somoe. Somoe hakugeuka, ila mabega yake yakashuka.

Nyuzi nyekundu zikawa zinakuja kwa nafasi. Ikapita nafasi ndefu. Ukaja mmoja, mdogo kabisa, na baada yake kijani tu, kijani kinatambaa.

Bi Esha akakitazama kile kijani. Hakukiamini moja kwa moja. Akainama, akatega sikio lake karibu na mdomo wa Somoe, akasikiliza pumzi mpaka akaridhika kuwa ni ya mtu aliyelala. Ndipo akaunyoosha mguu wake wa kushoto, akajifunika, na yeye akalala.